Mwaka Niliokula Sahani Moja na Diwani

Habari ya kifo cha Diwani Musembi niliipata kwa dereva wangu mmoja wa lori, aliyekuwa ameshuka kutoka Kyuso na magunia ya ndengu. Alinikuta ofisini kwangu mjini Kitui, sahani ya wali na nyama iko mbele yangu, akasema kama mtu anayeeleza habari ya pancha, "Mzee, yule kaunsela wa zamani ameenda. Uzee tu. Alilala, hakuamka." Nikamwambia sawa, akapakue mzigo. Alipotoka nikaisukuma ile sahani pembeni. Msichana wa ofisi akaniuliza kama chumvi imezidi. Mimi watu wananijua kwa kula. Nikiingia hoteli yoyote kuanzia Mwingi mpaka Wote mpishi anaongeza kuni. Lakini siku hiyo nyama ilinikataa, nikakaa nikiangalia mafuta yakiganda ukingoni mwa sahani.

Uzee tu. Maneno hayo yalinizunguka kichwani mpaka jioni. Kuna mwaka mmoja, katika ile miaka ya sabini, ambao hakuna mtu Kyuso aliyeamini kwamba Musembi angefika uzeeni. Na mimi niliogopa hivyo kuliko wote, kwa sababu nilijua kwamba siku atakayoanguka yeye, na mimi naanguka. Vijana wa leo nikiwaeleza wanacheka. Nawaacha wacheke. Wao hawakukaa katika kile chumba changu cha nyuma.

Sitasema nilizaliwa wapi wala baba yangu alikuwa nani. Watu waliosoma huanza vitabu vyao hivyo kwa sababu wana baba wa kutaja. Mimi shule niliiacha darasa la nne, na kila kitu mnachoona kina jina langu, duka la vifaa vya ujenzi, mashine ya kusaga, malori, nimekitoa katika mikono hii miwili. Mwaka huo ninaousema nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na tayari nilikuwa na buchari katikati ya soko la Kyuso. Haikuwa buchari ya mchezo. Mbele palikuwa na gogo la kukatia na ndoano za chuma, na kila asubuhi bwana afya alipiga muhuri wake wa zambarau juu ya nyama zangu kabla ya mtu mwingine yeyote. Nyuma palikuwa na chumba cha mabati, meza mbili ndefu, mabenchi, na sufuria ya supu ya kichwa ambayo haikutolewa jikoni tangu Jumatatu mpaka Jumamosi. Wenye njaa walikuja kwa supu. Wenye maneno walikuja kwa supu pia. Nilisikia habari za kata nzima nikiwa nakata mifupa, na nilipenda kuongeza yangu. Nilipenda sana kusema, "Mimi Kimanzi simwogopi mtu aliyevaa suruali."

Hilo neno ndilo liliniponza.

Kansol, yaani halmashauri ya wilaya, ilikuwa imechimba silanga upande wa mashariki wa soko, bwawa zuri la kunywesha mifugo. Mwaka huo wakati wa kiangazi tuliamka tukakuta limezungushiwa ua wa miiba, na kwenye geti kuna mnyororo na kufuli. Diwani Musembi akasema kwenye soko kwamba watu wa idara ya mifugo wamefunga kwa sababu maji yana ugonjwa. Watu wakaanza kwenda mbali kufukua mchanga wa mto. Lakini ng'ombe wa diwani walikuwa wananenepa. Mama mmoja mjane, Mama Syombua, ambaye alikuwa na mbuzi wachache na punda mmoja, hakunyamaza. Alikwenda kwa D.O. mwenyewe, ofisa wa serikali wa tarafa, kwa miguu, akashtaki kwamba diwani ndiye aliyefunga, na kwamba ng'ombe wake wanaingizwa kunywa asubuhi na mapema.

Utaratibu wa wakati ule ulikuwa hivi. Mtu akimshtaki diwani, ofisi ya kansol haikuja kuuliza. Ilimrudishia D.O., na D.O. aliitisha baraza ili wananchi wachague watu watatu wa kusikiliza mashtaka pale pale nyumbani, halafu hao watatu wangempa neno lao, naye angelipeleka juu. Kanisa lilimtoa Mzee Yohana, mzee wa kanisa, mtu mwenye koti jeusi hata kwenye jua la Kyuso. Wafanyabiashara walimtoa Haji, Msomali wa ng'ombe aliyekuwa ameishi kwetu mpaka akawa anatukana kwa Kikamba. Halafu D.O. akasema, "Nataka kijana mmoja. Asiwe mwoga." Diwani alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, mguu juu ya mguu, vijana wa chama wamesimama nyuma yake na fimbo. Kisha sauti ikatoka huko nyuma: "Kimanzi wa nyama! Yeye hamwogopi aliyevaa suruali!" Baraza zima likacheka. Diwani akageuka akanitazama, na yeye akicheka, akasema taratibu, "Huyo ni sawa kabisa. Huyo namjua. Leseni yake napitisha mimi." Nilisimama nikainua mkono kama bondia.

Tukaanza kusikiliza mashtaka kwenye chumba changu cha nyuma, kwa sababu hakuna mtu mwingine sokoni aliyekubali kutoa chumba. Mzee Yohana aliomba kwanza, akiwa amefumba macho, na maombi yake yalikuwa marefu kwa sababu alijua yakiisha kazi inaanza. Haji alikuja na birika lake la chai ya rangi yenye iliki, nyama yangu hakuigusa. Nilimuuliza kama anaogopa. Akasema, "Mimi naogopa Mungu. Na kaunsela kidogo."

Mashahidi wakaja mmoja mmoja. Nawakumbuka mpaka leo walivyoagiza supu na kuishika bakuli kwa mikono miwili kana kwamba kuna baridi. Mzee Yohana akamuuliza mmoja, jirani kabisa wa lile silanga, "Uliona ng'ombe wakiingia?"

"Niliona vumbi, mzee."

"Vumbi la ng'ombe?"

"Vumbi la kawaida tu. Hapa vumbi ni nyingi."

"Na mnyororo uliuona?"

"Macho yangu hayajakaa vizuri tangu mwaka jana. Hata sasa wewe nakuona kama wawili."

"Basi sisi tuko sita hapa," Haji akasema. "Kunywa supu uende."

Wote walikuwa hivyo. Mtu alikuwa akiangalia mlango kabla ya kujibu jina lake. Mlangoni kulikuwa na kijana wa chama, amekaa juu ya gogo langu la kukatia nyama, anachokonoa meno. Mama Syombua peke yake aliingia bila kuagiza kitu. Alikuwa mwanamke mfupi, sauti kavu. Akasema aliwaona wale ng'ombe, masikio yamepasuliwa mara mbili kama alama ya boma la Musembi, na kwamba yeye alimwita mchungaji wao kwa jina akaitika. "Mbuzi wangu wawili wamekufa wakiangalia yale maji," akasema. "Nyinyi ni wanaume watatu. Andikeni hivyo, au mseme mmeshindwa niende nyumbani nikafue." Wakati huo huo pazia likasukumwa, diwani akaingia. Hakuruhusiwa kuingia, lakini ni nani angemwambia? Alivaa kofia ya manyoya, akavuta benchi.

"Mama," akamwambia kwa heshima kubwa, "mimi na wewe hatuna haja ya kusumbua wazee. Wewe unasema nimefunga. Mimi nasema sikufunga. Tule kithitu."

Kijiko kilimwanguka Mzee Yohana. Kwa msomaji ambaye si Mkamba, nieleze. Kithitu ni kiapo chetu, kile kikubwa. Ni kitu kilichofungwa ndani ya ngozi, na mwenye kuapa hukipiga kwa vijiti akisema maneno yake. Kama amesema uongo kinamla, na hakimli peke yake. Kinaanza na mifugo, kinafika kwa watoto, kwa ndugu, mpaka mji, yaani boma zima, unabaki majivu. Mimi nimemwona mtu ambaye hakuogopa bunduki akikimbia kithitu. Serikali yenyewe ilikuwa inakubali, kesi ya shamba ikishindikana. Na kikishaliwa, mashtaka husimama. Hakuna kuuliza tena, hakuna kuamua, mpaka muda wake uishe, watu waone nani amebaki. Hapo ndipo niliona ujanja wa Musembi. Kiapo kingempa mwaka mzima, na mnyororo ungebaki pale pale. Lakini pia nilijiuliza, mtu anaweza kweli kupiga kithitu huku akijua amefunga? Nikasema labda hakufunga. Sote tulisema labda hakufunga.

Mama Syombua akasema, "Kileteni."

Mwenye kithitu aliletwa kutoka mbali, upande wa Kikima huko milimani Mbooni, ili asiwe na ndugu Kyuso. Kiapo kilifanywa saa sita za mchana kwenye uwanja mkavu nje ya soko, mahali ambapo hapalimwi, kwa sababu watu wanasema kinapowekwa hapaoti kitu. Mzee Yohana alikataa kuhudhuria, akasema kanisa litamfukuza. Alisimama nyuma ya mashine ya kusaga na Biblia yake, lakini niliona kofia yake ikichungulia kila mara. Mama Syombua alipiga kwanza, haraka, kama mtu anayepura mtama. Kisha Musembi. Alivua kofia. Aliapa kwamba hakuweka mnyororo na ng'ombe wake hawakunywa pale, akipiga ile ngozi kwa kijiti kila neno. Mwenye kithitu, mzee mwembamba mwenye koti lililopasuka kwapa, akatoa sheria mbele ya wote. Muda ni mpaka mvua mbili zipite, ile ya mwisho wa mwaka na ile ya Aprili. Na aliyekula kithitu asile sahani moja na mtu wa nje ya mji wake. "Anayekula naye," akasema, "amejifunga naye kamba moja."

Siku ya soko iliyofuata chumba changu cha nyuma kilikuwa kimejaa mpaka watu wanakula wamesimama. Diwani akaingia na vijana wake. Watu wakasogea bila kuambiwa, meza nzima ikabaki tupu. Akaagiza mbavu, nyingi, kwenye sahani kubwa ile ya bati. Nilipomwekea, akanishika mkono.

"Kaa, Kimanzi. Kula."

"Mheshimiwa, nina wateja."

"Wateja hawa wanangoja. Kaa." Halafu akapaza sauti ili kila mtu asikie. "Ama hakimu wangu anaogopa? Unaogopa kula na mimi? Kwani unaniona mwongo?"

Msomaji, fikiri vizuri. Mimi nilikuwa mmoja wa wale watatu. Nikikataa kula, nimetoa hukumu mbele ya soko kwamba diwani ni mwongo, na kesho bwana afya hapigi muhuri. Nikila, nimejifunga. Hata wale waliokuwa wanatafuna waliacha. Nilimtafuta Haji kwa macho, yuko mlangoni na birika lake, akatazama chini. Nikakaa. Nikachukua ubavu mmoja, nikauweka mdomoni, nikacheka kwa sauti ili watu waone Kimanzi ni nani. Kelele zikarudi. Hapo Musembi akaniinamia, mafuta yanang'aa mdomoni mwake, akasema polepole kwa Kikamba, kama mtu anayeuliza bei, "Kwani wewe ulifikiri nani alileta ule mnyororo?"

Nyama ilikuwa tayari kooni. Ilishuka yenyewe.

"Sasa tuko pamoja, kijana," akasema. "Utaniombea niishi."

Nimepita mambo mengi tangu siku hiyo. Nimeibiwa lori zima na mzigo wake, nimesimama mbele ya mameneja wa benki wenye miwani, nimemfukuza chui aliyeingia boma langu la mbuzi. Hakuna hofu iliyofanana na ile ya kutembea sokoni mchana kweupe nikijua kifo changu kimo ndani ya tumbo la mtu mwingine. Kila diwani alipokohoa, na mimi nilikohoa. Nikawa namuuliza mchungaji wake habari za ng'ombe kama vile nataka kununua, kumbe nataka kujua kama kuna aliyekufa. Na mmoja akafa, dume kubwa, alianguka tu akiwa anakula nyasi. Nikamwambia mchungaji ni nyoka. Akaniambia, "Ndiyo, ni nyoka," lakini hakunitazama machoni.

Mji wa Musembi ukaanza kujimaliza wenyewe. Mke mkubwa alirudi kwao Matinyani, akasema anakwenda kumwangalia mamake. Mke mdogo akamfuata bila kusema kitu. Halafu mamake mzazi, mwanamke mzee sana, akahamisha jiko lake, mafiga yote matatu, akayapeleka ng'ambo ya bonde kwa binti yake. Watu walimwona amebeba lile la mwisho kichwani. Diwani akabaki na vijana wa chama, na hata wao walianza kula maandazi barabarani. Basi akawa anakuja kwangu kila siku ya soko, kwa sababu palikuwa mahali pekee ambapo kulikuwa na mtu asiyeweza kumkataa. "Kaa, Kimanzi." Nakaa. "Kula." Nakula. Hakuwa anacheka tena. Alikuwa amekonda, suruali ameikaza kwa kamba ndani ya mkanda, na alitafuna kwa muda mrefu kama mtu anayesikiliza kitu ndani ya nyama. Wateja wangu wakaanza kuja na bakuli zao kutoka nyumbani. Sikuwauliza kwa nini. Niliwapimia supu humo humo, nikifanya mzaha kwamba wananipunguzia kazi ya kuosha vyombo.

Mvua ya mwisho wa mwaka ilinyesha kidogo. Silanga lilipata maji, yakang'aa pale ndani ya miiba, na mnyororo haukufunguliwa. Mama Syombua alipita mbele ya buchari kila asubuhi na punda wake akitoka kule mtoni kwenye mchanga. Alikuwa mzima wa afya. Nilimhesabu kila siku kwa macho, na kila nilipomwona mzima nilizidi kuogopa.

Mke wangu Mwende alikuwa na mimba wakati huo, ya kwanza. Sikumwambia neno. Nilikuwa nimeanza kula nimesimama mlangoni, sahani yangu peke yangu, nikisema nimezoea kazini. Siku moja mchana alikuwa anachambua muthokoi, mahindi yaliyotwangwa, kwenye uteo, akaniuliza bila kuinua kichwa, "Ni kweli yale ya sahani?"

"Yapi?"

"Kimanzi, wanawake wote kisimani wanajua. Kaunsela alikuambia nini siku ile? Walikuona ukibadilika uso."

Nikasema diwani alinieleza habari za leseni. Akaendelea kuchambua. Kisha akaweka uteo chini, akashika tumbo lake kwa mkono uliojaa unga wa mahindi, akaniuliza, "Na huyu, yeye pia alikula?"

Kesho yake nilimwachia mtu buchari, nikapanda nyuma ya lori la ng'ombe la Haji mpaka Machakos, na kutoka hapo nikatafuta njia ya kupanda Kikima. Haji hakuniuliza naenda wapi. Alinipa tu koti lake, akasema huko juu kuna baridi.

Nilimkuta mwenye kithitu kwenye matuta ya shamba lake, anachimba viazi vitamu. Nilitegemea kuona mtu wa kutisha. Alikuwa mzee wa kawaida, kifua kinamsumbua, na mkewe anamgombeza kutoka jikoni kwamba amechimba vidogo. Alinikaribisha kiazi. Nilikiangalia mpaka akacheka. "Kula, mimi sikuapa kitu." Nikamweleza yote, sahani, mbavu, maneno ya diwani, nikamwomba anifungue, nimletee mbuzi yeyote anayemtaka. Akatikisa kichwa.

"Mwenye kuapa ndiye anaweza kukifungua. Akisema ukweli, nakuja, tunakisafisha, kinalala. Mbuzi wako hawezi."

"Na asiposema?"

"Wewe unajua alidanganya. Umenyamaza. Basi mnadanganya wawili." Alipangusa udongo kwenye kiazi kingine. "Lakini ukisimama mbele ya wale walioona kiapo, ukasema unachojua, umekata kamba yako. Yake abaki nayo mwenyewe."

"Atanimaliza, mzee. Leseni yangu, duka langu, vijana wake wana fimbo."

"Inawezekana," akasema. Kutoka jikoni mkewe akapaza sauti, "Mwambie arudi kwao kabla mvua haijamkuta!"

Nilirudi Kyuso nikaenda moja kwa moja kwa Musembi. Nataka hili lijulikane, kwa sababu wako wanaosema nilimchoma kisu mgongoni. Boma lake lilikuwa kimya, kuku hakuna, alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba nje ya nyumba ya mke mkubwa iliyofungwa. Nikamwambia, "Mheshimiwa, sema. Tusafishwe, tuishi wote."

Akatema mate pembeni. "Wewe ni mtu wa karne gani? Mimi nimefika mpaka Nairobi. Hayo ni mambo ya wazee." Lakini alikuwa anashika goti lake kwa mikono yote miwili ili lisitikisike, na mimi niliona. Nikamwambia nina mtoto anakuja. Akasimama. "Ukifungua mdomo, buchari yako itakuwa choo cha soko. Toka." Nilipofika getini aliniita tena, sauti imebadilika, karibu ya kuomba. "Kimanzi. Alhamisi nakuja kula?"

Niliendelea kutembea. Siku mbili baadaye D.O. alikuwa na baraza, na watu wa kata yote walikuwepo, kwenye mabenchi na chini kwenye mchanga. Musembi kwenye kiti cha mbele, fimbo nyuma yake. Walipouliza kama kuna shida ya mwananchi, nikainua mkono. Sikumbuki nilivyofika mbele. Nakumbuka mdomo wangu ulikuwa mkavu mpaka ulimi unashika meno, na nilisema kwa sauti ambayo haikuwa yangu, "Siku ya soko kaunsela alikula kwangu. Tulikula sahani moja. Aliniambia kwa mdomo wake kwamba mnyororo aliuleta yeye."

Fimbo zikasogea. D.O. akainua mkono, zikasimama. Musembi akainuka taratibu, akavaa kofia yake vizuri. "Huyu kijana anataka kiti changu," akasema. "Haya. Unaweza kuapa? Tuite mzee wa Kikima arudi. Uape, Kimanzi!"

"Niape mara ngapi?" nikamwambia, na hapo nilikuwa napiga kelele, machozi yananitoka, sioni haya kusema. "Si nilikwisha kula! Nilikula kiapo chako, na mbavu zako! Kama nasema uongo sasa, nianguke mimi. Kama wewe ndiye, nimejitoa. Mmesikia nyote. Nimejitoa!"

Basi nikaona jambo ambalo sijaliona tena. Hakuna aliyeamrisha. Watu waliokuwa karibu na diwani walianza kusogea, kwanza wale wa kiti cha kulia, wakivuta nguo zao, halafu vijana wa chama wenyewe, hatua moja nyuma, hatua nyingine, mpaka akabaki amesimama peke yake kwenye duara la mchanga mtupu. Alijaribu kucheka. Akageuka huku na huku akitafuta mtu wa kucheka naye. Na kutoka upande wa wanawake sauti ya mamake ikatoka, nyembamba, ya mtu mzee aliyechoka: "Sema, mwana wangu. Sema nirudi nyumbani."

Musembi akavua kofia. Alisema. Alisema kwa maneno machache, akiangalia miguu yake, mnyororo, kufuli, mchungaji, ng'ombe, na alipomaliza alikaa chini kwenye mchanga, si kwenye kiti, kama mtoto aliyeachwa.

D.O. akageuka kwetu sisi watatu, akauliza kamati ina neno gani. Mimi nilikuwa nimekuwa shahidi, nikafunga mdomo. Haji akamtazama Mzee Yohana, Mzee Yohana akamtazama Mungu, kisha akasema, "Geti litoke leo." Ndiyo ilikuwa hukumu yote. Hakuna aliyepiga makofi. Watu walikwisha kukimbia kuchukua madebe, na baraza likabaki vumbi, mimi, na Musembi, na mamake akimvuta mkono ili asimame. Mwenye kithitu alikuja wiki ile akasafisha, na diwani hakufa. Miaka mingine ikapita, na kwenye uchaguzi alisimama tena, na watu wa Kyuso, hao hao, wakamchagua tena. Walisema angalau huyu tumemwona akiogopa.

Mpaka leo kwenye harusi na mazishi watu husimulia jinsi Kimanzi alivyomkabili kaunsela bila kutetemeka, na mimi huwaacha wasimulie, kwani ni nani anakataa sifa. Ila siku ile, nilipokuwa bado nimesimama pale mbele nikishindwa kusogeza miguu, Mama Syombua alikuja na punda wake akielekea silanga. Akasimama, akanikagua kuanzia kichwani mpaka viatuni.

"Ulikuwa unatetemeka," akasema.

"Ni njaa, mama. Sijala tangu juzi."

"Hiyo si njaa." Akafungua debe moja mgongoni mwa punda, akanisukumia kifuani. "Lakini ulisema. Haya, shika, twende. Punda mmoja hawezi yote."

Nikashika. Njia nzima debe lilikuwa linagonga magoti yangu, ngwe, ngwe, kwa sababu mikono ilikuwa bado haijatulia, na yeye mbele yangu hakugeuka hata mara moja kuangalia.